Moris Haizimwi Njiani

Mimi sina subira na magari yanayokunywa maji. Nilishalisema hilo mbele ya kila mtu, na wenye rejeta zao wamenicheka miaka yote. Gari langu ni Volkswagen, Kobe namwita, niliuziwa na bwana shamba wa misheni alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao. Kobe anapoozwa na upepo tu, na upepo Singida haujawahi kutuishia. Lakini Moris ya mzee Mathayo Mughwai niliiheshimu pamoja na kiu yake. Ilikuwa kongwe kuliko magari yetu yote, na ilitembea kwa amri zake yenyewe.

Amri kubwa ilikuwa kwamba Moris haizimwi njiani. Stata yake ilikufa zamani na vipuri vyake havipatikani hata kwa kuombewa, kwa hiyo iliwashwa kwa hendeli, kile chuma kilichopinda unachokichomeka mbele ya gari na kukizungusha kwa nguvu mpaka injini ikubali. Hendeli inataka kiuno, na sisi viuno vyetu tulishaviacha ujanani. Basi ikishawaka Singida asubuhi, inaunguruma mpaka mwisho wa safari. Tukisimama Issuna kula wali wa Febronia, mama lishe wa kando ya barabara, Moris inabaki kando ya barabara ikitetemeka polepole, imeelekezwa upande upepo unakotoka ili ijipepee, na mmoja wetu anakula amesimama karibu nayo, dumu la maji miguuni.

Halafu kongwe hukaa mbele, na hapitwi na mwenzake. Moris mbele, nyuma yake Landrova ya rafiki yetu Fredrick, nyuma yake mimi. Mabasi yalitupita, malori yalitupita, bodaboda zenye magunia ya mkaa zilitupita na waendeshaji wakatupungia mkono kama wanaotuaga kwa mara ya mwisho. Sisi kwa sisi hatukupitana, hata kama kongwe amepandisha kilima kwa mwendo wa kuku.

Jambo lililowashangaza watu zaidi ni kwamba hatukuosha magari kabla ya maonesho ya magari ya kale, yale tuliyoyaendea Manyoni kila mwaka. Tuliiacha lami makusudi, tukapita njia za vijijini katikati ya alizeti, na gari lililoingia uwanjani jekundu kwa vumbi mpaka kwenye kioo ndilo lililopigiwa makofi, maana kila mtu aliona kwamba limekuja lenyewe. Anayeleta gari linalong'aa tulimuuliza alikuwa amelificha wapi.

Tulikuwa wengi wakati huo. Yeremia alikuwa na Bedford; alipofariki wanawe waliikatakata wakaipeleka kwenye chuma chakavu. Opeli ya marehemu mume wa Scholastika sasa inalala kuku, na mayai yanaokotwa kwenye kiti cha dereva. Tukabaki watatu: mzee Mathayo, Fredrick wa Misigiri aliyekuwa fundi wa karakana ya misheni, na mimi Evodia, nesi mstaafu, ambaye hata wajukuu zangu wananiita Nesi.

Mwaka huu macho ya mzee Mathayo yalikuwa yanafunga. Siyo mtoto wa jicho, ambaye anatolewa mtu akaona tena. Ni presha ya macho, na mimi ninaijua kazi yake: inakula pembeni, inasogea katikati, na ilichokula hairudishi. Alishaanza kujigonga kwenye mlango wa zizi lake mwenyewe. Alikuja kwangu akaniomba nimwambie bila kumbembeleza kama mwakani ataweza kushika usukani, nikamwambia hataweza. Hakubishana. Akasema basi anataka jambo moja tu mwaka huu, kuingia uwanjani akiendesha Moris inaunguruma, watu wasikie, halafu ashuke na asipande tena kiti cha dereva maisha yake.

Nilimwambia hilo halina shida. Nilisema kirahisi sana.

Ndipo likaja tangazo. Maonesho yetu yalikuwa yamechukuliwa na vijana kutoka Dodoma, yamehamishiwa uwanja wa mpira hapo hapo Manyoni, na hata jina yamebadilishwa, sasa yanaitwa tamasha. Palikuwa na Subaru zenye mufla za kupasua masikio, taa za rangi chini ya magari, muziki, na mahali pa kupigia picha. Kwa magari ya kale kulikuwa na masharti: yaletwe yamebebwa kwenye lori, yawe safi, yafike kabla ya saa sita mchana. Walisema ni kwa usalama wa barabarani na kwa heshima ya magari yenyewe. Vijana hawa wanapenda sana neno heshima.

Tulikutana barazani kwangu tukalijadili. Fredrick alisema ana jamaa zake huko kaskazini ambao sasa hawaendeshi kabisa. Gari linapandishwa kwenye trela, linashushwa, linapigwa picha, linapandishwa tena, na wanasafiri hivyo kutoka mkoa hadi mkoa wakijiita wapenzi wa magari. Kuna moja, alisema, lina miaka halijakanyaga lami. Nilisema hilo si gari, ni kabati. Fredrick akacheka, lakini akasema tusipofuata masharti tutakaa nje ya uwanja na Moris yetu na vumbi letu, na hakuna atakayejua kwamba tulikuja.

Tukazunguka hapo hapo mpaka chai ikapoa. Ukweli ni kwamba hata bila masharti yale, askari wa barabarani hawangemwacha mzee wa macho yale aendeshe mpaka Manyoni, na yeye hakuwa tayari mtu mwingine ashike usukani wake. Lori la Fuso lingeweza kumfikisha mpaka langoni. Pale angeishusha Moris mwenyewe na kuingia nayo. Mzee Mathayo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mwishowe akasema:

"Ibebeni. Lakini itabebwa ikiwa hai."

Maana yake ilikuwa kwamba injini isizimwe. Iwashwe Singida, iungurume juu ya Fuso njia nzima, ifike Manyoni kama ilivyofika siku zote. Fredrick aliona ni sawa kabisa. Mimi niliona ni zaidi ya sawa, niliona ni vizuri mno, karibu nilie. Kwa namna ile kubebwa hakungekuwa kubebwa, ingekuwa ni safari yetu ile ile, isipokuwa magurudumu yamepumzika. Watu watatu, na ukijumlisha miaka tuliyokaa na magari haya unapata zaidi ya karne, tukakubaliana jambo lile huku tumefurahi.

Mkewe Dorika ndiye hakukubali. Miaka yote alikaa pembeni ya mumewe kwenye Moris na kikapu cha mihogo ya kuchemsha magotini. Safari hii alisema hawezi kwenda kulitazama gari limebebwa kama ng'ombe mgonjwa. Akamfunga mumewe tai, akarudi ndani.

Tuliipandisha Moris kwenye tuta la udongo nje kidogo ya mji. Dereva wa Fuso, kijana mpole anayeitwa Deo, alirudisha lori lake nyuma mpaka likagusa tuta, Fredrick akaizungusha hendeli, Moris ikakohoa na kuwaka. Mzee Mathayo aliiingiza kinyumenyume, sisi tukimwongoza kwa sauti, ili uso wake uelekee nyuma ya lori na wakati wa kushuka itoke kwa mbele, kwa heshima. Heshima tena, na safari hii ilitoka kwetu. Tuliifunga kwa kamba kwenye ekseli, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Kisha tukaiosha hapo hapo juu ya Fuso kwa ndoo na sabuni ya unga, kwa sababu ya masharti. Sijawahi kuiona rangi yake halisi vile. Ilikuwa ya kijani hafifu. Mzee Mathayo aliuliza imetokaje, nikamwambia imetoka kama maharage mabichi, akaridhika.

Deo akafunga ubao wa nyuma. Kilichobaki kuonekana ni kioo na paa. Mzee akapanda mbele pamoja na Deo, kwa sababu alikatazwa kukaa ndani ya Moris juu ya lori. Fuso likatangulia, Landrova ikafuata, nami nyuma, magari mawili ambayo tulishakubali yatakaa nje na kutazama.

Nilitegemea kuona aibu. Badala yake nilifurahi, nitasema nini. Jua lilikuwa limetoka, upepo ulikuwa unatupiga usoni, na mbele kabisa paa la Moris lilikuwa linatetemeka lile tetemeko lake, likitutazama sisi badala ya barabara. Deo aliendesha taratibu kama tulivyomwomba. Tulipoipita Ikungi, Fredrick alitoa mkono dirishani akaelekeza chini ya Fuso. Nilichungulia. Maji yalikuwa yanadondoka kati ya mbao, yanachora mstari mwembamba kwenye lami. Alinipigia simu akasema tumeiosha kwa maji mengi kweli, Deo atadai tumwoshee na lori. Nikacheka. Mimi gari langu halina maji, ningejua nini? Lakini Fredrick ana rejeta, ana miaka hamsini na rejeta, na hata yeye aliona maji ya kuogea.

Issuna hatukusimama. Deo alikuwa amepigiwa simu kutoka uwanjani kwamba magari yanapangwa na ya kale ndiyo yanayotakiwa kwanza. Febronia alikuwa amesimama kando ya barabara kama kila mwaka, sufuria zake zimefunikwa, na alipoona Fuso halipunguzi mwendo alishusha mkono polepole. Miaka yote pale ndipo tuliposimama, mtu akashika dumu, akafungua boneti, akatazama maji. Hatukufanya hivyo kwa utaalamu wowote. Tulifanya kwa sababu tulikuwa na njaa.

Tulifika Manyoni mapema kuliko tulivyowahi kufika. Muziki ulisikika kutoka mbali, na kwa sababu ya muziki ule hakuna aliyesikia kitu, wala aliyesikia kukosekana kwa kitu. Deo alirudisha lori kwenye tuta nyuma ya goli, akashusha ubao. Mzee Mathayo alishuka, akapapasa ubavu wa Fuso mpaka nyuma, akapanda tuta kwa magoti. Aliweka kiganja juu ya boneti ya Moris, akakiondoa haraka, akakirudisha.

"Nani ameizima?" akauliza.

Hakuna aliyeizima. Fredrick aliruka juu akafungua boneti, harufu ikatupiga, harufu ya rangi na mafuta yaliyoungua. Kofia ya rejeta ilifunguka bila hata kutoa mvuke. Hapakuwa na tone ndani. Fredrick alichomeka hendeli akaikandamiza kwa uzito wake wote. Haikusogea. Akajaribu tena kwa mguu. Kisha akasimama pale mikono imelegea, na nikaona uso wake unavyofahamu jambo moja baada ya jingine: kwamba gari likitembea linapigwa na upepo, kwamba likibebwa limegeuzwa linaupa upepo mgongo, kwamba bodi za Fuso ziliziba na pembeni, kwamba ile feni ndogo ilihangaika peke yake saa zote zile kwenye joto, na kwamba tuliyaona maji yake yakimwagika njia nzima tukayacheka.

"Imenoki," alisema. "Imekamata kabisa, mzee."

Mzee Mathayo alisema neno moja la Kinyaturu ambalo sikulielewa, na sikumwuliza. Kukarabati injini ile hakuna. Bloku yake, yaani kiwiliwili cha injini, haipo Singida, haipo Dodoma, na huenda haipo tena popote isipokuwa kwenye kabati la mtu. Sisi sote tulijua, na ubaya wa kujua ni kwamba hapabaki hata nafasi ya kudanganyana.

Akaja kijana mkuu wa tamasha, Enock, fulana yake imeandikwa mgongoni, simu mbili mkononi. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, sina la kumlaumu kwenye adabu. Fredrick akamweleza kwamba injini imekufa njiani. Nilitegemea atasema pole, au atukatalie kuingia. Akasema hakuna tatizo lolote, tena ni nafuu, kwa sababu magari ya kale yakiunguruma yanaharibu sauti ya muziki na moshi wake unaingia kwenye picha. Aliita vijana wake. Wakaishusha Moris kwa mikono, wakimwomba mzee akae kwenye usukani ili wapate picha nzuri.

Alikaa. Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu alikuwa amefungwa tai, au kwa sababu kiti kile ndicho alichokifuata. Vijana waliisukuma kupita mbele ya jukwaa, na watu walipiga makofi na vigelegele, wakarekodi, wakadhani kusukumwa ni sehemu ya onesho. Mzee Mathayo aliushika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele kwa macho yale ambayo hayakuwa yanaona uwanja, na nikaona mguu wake wa kulia unakanyaga mafuta. Alikanyaga njia nzima. Nimefunga macho maiti nyingi katika kazi yangu na sikulia, lakini pale nililia mbele za watu na sikujifuta.

Moris ikashinda. Kombe la gari bora la kale, na magari yenyewe ya kale yalikuwa mawili, hiyo na kabati moja kutoka mbali lililoletwa kwenye trela. Enock alimkabidhi mzee kombe, akainama kwa heshima zake, na wakati wa kupiga picha akamwambia kwamba mwakani ikipendeza watamsaidia kuitoa ile injini, maana pale mbele pataingia spika nzuri sana. Fredrick akamwambia, kwa sauti ambayo nilidhani itampandisha mtu presha, kwamba mpaka asubuhi ile injini hiyo ilikuwa inafanya kazi.

Enock alishangaa kweli. Hakuwa anatania. Akamgeukia mzee Mathayo.

"Samahani babu, kumbe huwa linatembea?"

Mzee alisema lilikuwa linatembea. Kisha akaomba aonyeshwe mahali pa kukaa.

Jioni ilipokaribia tuliipandisha Moris tena, safari hii uso mbele, kwa sababu hapakuwa na haja tena ya kutoka kwa namna yoyote. Mzee Mathayo hakutaka kupanda Fuso. Alikuja kwa Kobe akakaa kando yangu, kombe magotini pale Dorika alipokuwa anaweka kikapu chake. Tukaanza safari kwa mpangilio wetu: Fuso mbele, Landrova, kisha sisi. Nilidhani Deo atakumbuka kwenda taratibu, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu kurudi, na yeye alikuwa na kwake. Aliongeza mwendo, na baada ya muda Moris ilikuwa kijidoa cha kijani mbele, kisha haikuwepo. Tangu tuanze safari hizi kongwe hakuwahi kutuacha. Sikumwambia mzee. Aliegemeza kichwa kwenye kioo, na nilimwuliza mambo madogo madogo, kama ana kiu, kama upepo unamsumbua, akajibu hapana, hapana.

Karibu na Issuna niliiona tena. Deo alikuwa ameegesha kando, yuko kwa Febronia anakula wali wetu. Landrova ya Fredrick ilikuwa imesimama nyuma ya Fuso ikisubiri, kama inavyotakiwa. Nami nikapunguza mwendo nisimame nyuma yake.

Mzee Mathayo alihisi. Akauliza kuna nini, nikamwambia Moris imesimama Issuna, tunaisubiri.

"Pita, Nesi," alisema.

Nilimwambia siwezi, tangu lini tukaipita Moris. Akageuza uso upande wangu, ingawa sijui aliona nini hapo.

"Pita. Hilo siyo gari tena, ni mzigo. Mzigo unapitwa."

Niliingiza gia ya tatu nikapita. Niliipita Landrova, nikalipita Fuso, na kwa pembeni nikaliona paa lile la kijani, limetulia tuli. Mbele kidogo nikakumbuka kwamba sasa kongwe ni Landrova, na ndiyo inayostahili kutangulia. Nikaegesha pembeni nikasubiri. Fredrick alikuja nyuma yangu, na badala ya kupita naye akaegesha. Nilimpungia mkono apite. Akanipungia mimi niende. Nikapunga tena, akatikisa kichwa, hataki kukaa mahali pa Moris.

Tulikaa pale magari yote mawili yakiunguruma, upepo unatoka nyuma yetu, mzee Mathayo ameshika kombe lake. Baadaye Fuso likatupita kwa kasi na Moris juu yake, Deo akatupigia honi ya kutuaga. Hata hapo hakuna kati yetu aliyeingiza gia.